Kofia ya Mkuu na Jua la Kivumoni

Jinsi nilivyofika Lumbiro haitamsaidia mtu. Njia ilikuwa ndefu, magoti yangu yalilalamika, nikafika. Nitaanzia mlangoni, kwa sababu nchi ile yote, ukiitazama vizuri, ni habari ya mlango.

Mpakani palikuwa na mlango mmoja na watu kama arobaini wamesimama mbele yake. Ulikuwa wazi kabisa, na hakuna aliyepita. Nilidhani labda ndani kuna ugonjwa wa kuambukiza. Mimi ni mkunga mstaafu, na miaka thelathini na mmoja ya kazi imenifundisha kutokimbilia mlango ambao wengine wanauogopa. Nikamuuliza mama mmoja mwenye kikapu kulikoni.

"Tunamsubiri mkubwa," akasema.

"Mkubwa gani?"

"Yeyote. Hapa tulipo hakuna aliye mkubwa vya kutosha."

Tukasimama mpaka jua likafika utosini. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye tai, karani wa mizani wa wilaya, akapita bila hata kutuangalia, na sisi sote tukapita nyuma yake. Yule mama aliniambia tulikuwa na bahati, maana juma lililopita walisubiri siku mbili.

Ndani waliniuliza nimewahi kuongoza watu wangapi. Nikajibu kwamba nimewaambia wanawake elfu kadhaa wasukume, nao wakasukuma. Afisa akafikiri kidogo, akaandika: Mgeni, daraja la nne. Kisha akanikabidhi kwa mwenyeji wangu, Bwana Fumbwe, afisa itifaki wa jimbo, mtu mwembamba wa makamo, mpole, ambaye alikuwa na tabia ya kusema "samahani" kila alipofika mlangoni, hata kama chumbani hamna mtu.

Bwana Fumbwe ndiye aliyenieleza Sheria ya Mkubwa Kwanza. Ina vifungu vitatu tu. Mdogo asipite mlango kabla ya mkubwa. Mdogo asianze kula kabla ya mkubwa. Mdogo asianze kazi ambayo mkubwa hajaianza. Kata ni ndogo kwa wilaya, wilaya ni ndogo kwa jimbo, jimbo ni dogo kwa taifa, na juu ya taifa yuko Mkuu.

Sitasema uongo, mwanzoni sheria hiyo ilinipendeza. Hata kwetu mtoto hamtangulii babu yake kunawa mikono, na mimi mwenyewe nimewahi kumpiga mtu kofi la mkononi kwa kosa hilo. Lakini kwetu adabu hiyo inaishia mkekani. Watu wa Lumbiro waliitoa mkekani wakaipeleka ofisini, na huko ikanenepa.

Nchi yenyewe ilikuwa inaungua. Mvua zilikuwa zimekosa miaka mitatu mfululizo, na ule mwaka zilizokuja zilikuja zote kwa siku moja, zikachukua madaraja na mbuzi. Bwawa lililowapa umeme lilikuwa limebaki tope lenye nyufa na maji kidogo katikati. Nilitegemea kukutana na wabishi wa kusema kwamba hakuna jambo, kama niliowazoea kwingine. Sikukutana na hata mmoja. Kila mtu Lumbiro, kuanzia muuza mchicha mpaka waziri, alijua hali ya hewa imebadilika, alijua moshi ni mbaya, na alijua jua na upepo vingeweza kuwapa umeme bila moshi. Wote walikubaliana la kufanya. Walichokuwa wakingoja ni wa kuanza.

Gavana wa jimbo lile, Mheshimiwa Tindwa, alinipokea vizuri. Alikuwa mzee wa kimo kifupi, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na alipenda jimbo lake, hilo nalisema wazi. Alinipeleka mwenyewe kwenye ghala kubwa nyuma ya ofisi zake, akaamuru turubai lifunuliwe. Chini yake kulikuwa na paneli za sola zimepangwa mpaka darini, kila moja ina kibandiko chenye jina la kata itakayopelekwa.

"Elfu sita," akasema. "Tulizipokea miaka kumi na moja iliyopita. Hakuna hata moja iliyopata mkwaruzo."

"Na zinafanya kazi?"

"Zitafanya, mama. Tunamsubiri Mkuu wa Taifa aanze."

"Naye anasubiri nini?"

"Anasubiri mataifa makubwa ya ng'ambo. Hebu fikiria. Moshi wao ni wa kupikia biriani la harusi, wetu sisi ni wa kuchemshia yai. Yai litangulie biriani? Watatuonaje?"

"Na hayo mataifa makubwa yanasubiri nini?"

"Nasikia yanasubiriana," akasema Gavana, na kwa sauti yake niliona jambo hilo linamfariji. "Kumbe na wao wana adabu."

Juu ya kilima karibu na ghala ulisimama mtambo wa upepo, mrefu, bado kama mpya. Mapanga yake yalikuwa yamefungwa kwa kamba nene ya katani, na chini alikaa mlinzi ambaye kazi yake ilikuwa kukagua mafundo kila asubuhi. Upepo ulipovuma, mtambo mzima ulitetemeka. Niliuliza kwa nini waliujenga ikiwa hawataki uzunguke. Bwana Fumbwe akanijibu kwamba kujenga kuliruhusiwa, kwa sababu Mkuu alikuwa ameshajenga wake; alichokuwa hajafanya ni kuuwasha.

Siku iliyofuata nilisikiliza kikao cha baraza. Hoja ilikuwa upandaji wa miti ya kivuli kwenye viwanja vya shule. Walijadiliana asubuhi nzima kama kuchimba shimo ni kuanza kupanda mti au bado. Mjumbe mmoja akasema shimo lichimbwe nusu. Mwingine akauliza nusu ya nani. Wakaunda kamati ya shimo, wakamshukuru mtoa hoja, wakaenda kula, na chakula kilikuwa kimepoa kwa sababu Gavana alichelewa kunawa.

Lakini desturi iliyonishangaza kuliko zote ni ya alfajiri. Mji mkuu wa Lumbiro uko magharibi, umekaa chini ya mlima, na jua huufikia likiwa limechelewa. Kata za mashariki hulipata mapema, karibu saa nzima kabla. Hilo lilionekana utovu wa adabu. Kwa hiyo sheria ikasema kwamba hakuna kumekucha popote mpaka kukuche kwa Mkuu, na taarifa isomwe redioni. Huko mashariki watu hukaa majumbani madirisha yamefungwa, jua likiwaka nje, wakisubiri waambiwe kwamba ni asubuhi. Majogoo walisamehewa, baada ya mjadala mrefu.

Nikaomba nipelekwe huko mashariki. Bwana Fumbwe akanipeleka Kivumoni.

Kata ya Kivumoni ilipata jina kutokana na maporomoko ya maji ambayo zamani uliyasikia kabla hujayaona. Nilipofika palikuwa kimya. Mwamba ulikuwa mkavu, na mtambo mdogo wa umeme wa maji uliokuwa chini yake ulikuwa umeota majani. Lakini juu ya bati la zahanati, nje ya turubai kabisa, kulikuwa na paneli kumi na mbili zinang'aa. Bwana Fumbwe alizitazama, akageuza uso upande mwingine, kama mtu aliyemkuta jirani akioga.

Mtendaji wa kata alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Bi Mwanakheri, mwenye sauti nzito na ndala zilizoshonwa kwa waya. Nilimuuliza bila salamu wala kuzunguka: "Nani kawaruhusu?"

"Shikamoo kwanza, mama," akacheka. Nikaona haya, nikaitikia marahaba. "Hakuna aliyeturuhusu. Nilikwenda ghalani, nikakuta jina la kata yangu kwenye kibandiko, nikazichukua. Mlinzi hakuwa na maelekezo ya kunizuia. Miaka kumi na moja, hakuna mtu aliyewahi kwenda kuzichukua, sasa wamwandikie maelekezo ya nini?"

Mengine nilielezwa na nesi wa zahanati, Leokadia. Tangu maji yalipokauka, chanjo zao zilikuwa zikija kutoka wilayani ndani ya deli la barafu. Barafu iliyeyuka njiani. Waliwachoma watoto dawa iliyokwisha kuharibika, wakidhani wamewakinga. Mwaka mmoja kabla ya mimi kufika, surua iliingia Kivumoni ikaondoka na watoto saba. Leokadia aliyataja majina yote saba akiwa anapanga sindano, bila kusita, na mimi nikashindwa kumwangalia. Mazishi ya wa saba yalikuwa siku ya Alhamisi. Siku ya Ijumaa Bi Mwanakheri alikwenda ghalani.

Sasa kulikuwa na friji la chanjo linanguruma kwenye kona. Kulikuwa na pampu inayovuta maji kisimani mpaka bombani. Nilikuwa bado nalishangaa bomba lile Leokadia aliponiita: mama mmoja, Tumpe, uchungu ulikuwa umemshika, na mtoto alikuwa ametanguliza makalio. Nilivua saa, nikanawa kwa maji yanayotiririka, tukafanya kazi. Saa nne asubuhi tulikuwa na mtoto wa kike, mwenye hasira na mapafu mazuri. Katika maisha yangu sijawahi kukutana na mtoto aliyesubiri nje ya mlango mpaka apite mkubwa.

Tumpe alipopata nguvu aliniuliza swali moja. "Mama, chanjo yake ni wiki ya sita. Hilo friji litakuwepo?"

Nikamtazama Leokadia. Leokadia akamtazama Bi Mwanakheri. Bi Mwanakheri akatoa karatasi mfukoni. Ulikuwa wito wa baraza la jimbo, umefika asubuhi ile. Alishtakiwa kwa makosa mawili: kuanza, na kutumia jua kabla ya Mkuu kuamka. Akipatikana na hatia ataachishwa kazi, na paneli zitarudi chini ya turubai mpaka Mkuu wa Taifa aanze.

Nilikasirika, na sikuficha. Nilimgeukia Bwana Fumbwe nikamwambia maneno ambayo mgeni wa daraja la nne hatakiwi kumwambia mwenyeji wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli yote, mama," akasema taratibu. "Lakini mimi ni afisa itifaki."

Kesi ilisikilizwa baada ya siku tano, katika Ukumbi wa Baraza wa jimbo, jengo la mbao zuri sana lililopauliwa kwa makuti, lenye mlango mmoja. Hapa lazima nieleze habari ya kofia, maana yote yaliyofuata yalitokana nayo.

Mkuu wa Taifa hawezi kuwa kila mahali, na bila yeye hakuna anayeweza kupita mlango wa ukumbi. Kwa hiyo kila jimbo lina kofia yake, aliyowahi kuivaa walau mara moja. Kofia ikiwa ukumbini, yeye yuko ukumbini. Hivyo ndivyo inavyosema sheria. Huingia ya kwanza, huwekwa kwenye kiti kirefu, na hutoka ya kwanza. Anayeibeba ni mtu mmoja tu aliyeapishwa, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Mbebaji wa jimbo lile aliitwa Mzee Chaurembo, umri wake umepita themanini, na siku ile alikuwa amevaa joho la sufu. Mkuu mwenyewe alikuwa ng'ambo, kwenye mkutano wa mataifa kuhusu hali ya hewa, akisubiri mataifa makubwa yaongee.

Kofia iliingia, tukaingia. Mapangaboi yalizunguka polepole juu yetu. Gavana Tindwa alikaa kwenye kiti cha pili kwa urefu, akasoma mashtaka, akamtazama mshtakiwa. Niliona hakuifurahia kazi ile.

"Bi Mwanakheri, ulianza?"

"Nilianza, Mheshimiwa."

"Wilaya ilikuwa imeanza?"

"Haikuwa imeanza."

"Jimbo je?"

"Nyie ndio mnajua, Mheshimiwa."

Watu wakakohoa. Gavana akafuta jasho. "Basi niambie, nani alikutangulia?"

"Surua ilinitangulia," akasema Bi Mwanakheri.

Gavana akaangalia makaratasi yake. Juu yetu mapangaboi yalipunguza mwendo, yakasimama. Umeme wa bwawa ulikuwa umekwisha. Joto likashuka juu yetu kama blanketi lililoloa, na baada ya muda mfupi nikasikia harufu ya majani yanayoungua.

Nyasi za kilima cha nyuma, kavu kwa miaka mitatu, zilikuwa zimeshika moto. Kupitia dirishani tuliuona ukishuka bila haraka. Zimamoto wa mji walikuwa tayari na magari yao barabarani, wakisubiri zimamoto wa jimbo waanze.

"Tutoke," akasema mtu.

Wote wakamgeukia Mzee Chaurembo ili abebe kofia. Mzee Chaurembo akainuka, akanyoosha mikono kuelekea kiti kirefu, macho yakamgeuka, akaanguka chini na joho lake.

Nilikuwa pembeni yake kabla hajamaliza kuanguka. Mapigo yalikuwepo, membamba na ya haraka. Joto lilimzidi. Nilimvua lile joho, nikasema anahitaji hewa na maji, atolewe nje sasa hivi.

"Haiwezekani," akasema mjumbe mmoja kwa upole, kama anayenifundisha. "Kofia kwanza."

"Basi bebeni kofia!"

"Nani aibebe? Aliyeapishwa ndiye huyo unayempepea."

Nimeona mengi katika kazi yangu, lakini sijawahi kuona watu wazima, wenye akili zao na familia zao, wakikaa kujadiliana huku moshi unaingia kupitia makuti. Na walijadiliana kwa utaratibu, wakinyoosha mikono. Mmoja alipendekeza aapishwe mbebaji mwingine. Akajibiwa kwamba kiapo hutolewa na Mkuu mwenyewe. Mmoja alipendekeza apigiwe simu huko aliko. Mwingine akauliza nani ataanza kupiga. Kamati ilikuwa inaundwa. Nilimtazama Gavana, naye alikuwa anautazama mlango. Haukufungwa kwa ufunguo, wala hata kwa komeo.

Bi Mwanakheri akasimama kwenye kizimba.

"Waheshimiwa," akasema, "mmeniita hapa kwa kosa la kuanza. Niandikieni jingine."

Akashuka, akaenda mlangoni, akausukuma. Mwanga uliingia. Akarudi ndani, akashika miguu ya Mzee Chaurembo, mimi nikashika mabega, na magoti yangu siku ile hayakusema neno. Tukamtoa.

Tukamlaza chini ya ukuta wa ofisi ya posta, nikamwagia maji kifuani, akafumbua macho na kuuliza kofia iko wapi. Nilipogeuka nilimwona Bwana Fumbwe amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani. Midomo yake ilicheza. Nadhani aliuambia mlango samahani. Kisha akatoka, na baada yake wakamiminika wote, wajumbe, makarani, wasikilizaji, bila daraja wala cheo, wakikanyagana. Wa mwisho kutoka alikuwa Gavana Tindwa. Hakuna aliyeumia. Makuti yaliwaka robo saa baadaye, na ndani ya moto ule kilibaki kiti kirefu, na juu yake kofia.

Kesho yake baraza lilikutana ghalani, wakakalia maboksi ya paneli. Walikuwa na tatizo zito kuliko ukumbi ulioungua. Mtu mdogo alikuwa amepita mlango kwanza, na baraza zima, Gavana akiwemo, lilikuwa limemfuata. Ama wote walikuwa wametenda kosa, ama mtendaji wa kata ya Kivumoni alikuwa mkubwa kuliko jimbo. Mwishowe wakaomba ushauri wa afisa itifaki.

Bwana Fumbwe alisimama, akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwa sauti yake ndogo.

"Kwa mujibu wa sheria, hakuna anayeweza kutoka ukumbini kabla ya kofia. Kofia haijatoka. Kwa hiyo hakuna aliyetoka."

Walimtazama.

"Kikao kinaendelea," akasema Bwana Fumbwe. "Waheshimiwa wote mko ndani."

Nikaona nyuso zikilegea, moja baada ya nyingine, kama za watu waliotoka kuoga. Hakuna aliyefanya kosa. Wakapiga kura, wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba Gavana na wajumbe wote wamo ukumbini, kesi haijaamuliwa, na paneli zibaki zilipo mpaka iamuliwe. Walikuwa wameanza kupongezana Bwana Fumbwe alipokohoa.

"Kuna jambo dogo limebaki. Kofia ikiwa ukumbini, Mkuu naye yuko ukumbini. Ina maana huku nje, kwa sasa, hakuna jimbo wala taifa. Na wakuu wa wilaya nao walikuwepo kwenye kesi. Huku nje aliye mkubwa kuliko wote ni mtendaji wa kata, kila mmoja katani kwake."

Hakuna aliyepinga. Wangepinga vipi, nao hawakuwepo?

Tulipotoka nilimuuliza kama alilipanga lile jambo. Alisimama mbele ya lango la ghala, mikono nyuma.

"Mimi ni afisa itifaki tu, mama," akasema, akapita langoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema samahani.

Nilikaa Lumbiro wiki nyingine tano, kwa sababu nilitaka kujua. Watendaji wa kata walikuja ghalani mmoja mmoja, wengine na punda, wengine na mikokoteni, wakisoma vibandiko. Mlinzi wa mtambo wa upepo aliulizwa na mtendaji wa kata ile kama anajua kufungua mafundo. Akasema ameyakagua miaka sita, anayajua kuliko watoto wake. Mapanga yalipoanza kuzunguka alikaa chini akalia, na hakuona aibu. Kwenye shule zile, mashimo yalichimbwa mazima. Makosa yalikuwepo: kata moja iliweka paneli zake chini ya kivuli cha mwarobaini, nyingine ilifunga waya kinyume ikaunguza redio ya mwenyekiti. Wakarekebisha. Mkuu wa Taifa alirudi kutoka ng'ambo, akaambiwa kwenye uwanja wa ndege kwamba yuko ukumbini, na nilipoondoka wasaidizi wake walikuwa bado wanajadiliana namna ya kumtoa.

Siku ya chanjo Kivumoni ilikuwa Jumatano. Jua lilikuwa limeshachomoza na madirisha yalikuwa wazi. Redio haikuwa imesema lolote. Tumpe alikuwa kwenye foleni, mtoto wake wa wiki sita amefungwa kwa khanga. Nyuma kabisa, nyuma ya akina mama ishirini na kitu, nilimwona mzee mfupi aliyevaa kanzu ya kawaida, amembeba mtoto. Alikuwa Mheshimiwa Tindwa. Friji la hospitali ya mjini lilikuwa limezima pamoja na bwawa, na mjukuu wake alikuwa hajachanjwa.

Bi Mwanakheri alimwona, akaenda mpaka alipo, akapiga goti kidogo kama mtoto anavyomsalimia mzee wake.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Karibu mbele."

"Marahaba, mwanangu. Hapana." Alitabasamu kwa uchovu. "Mimi siko hapa. Niko ukumbini."

Akabaki kwenye foleni. Ilisogea polepole, kama foleni zote za watoto. Mtoto wa Tumpe alichomwa, akapiga kelele zilezile nilizozisikia siku ya kwanza, na mama yake akacheka na kulia kwa pamoja. Nilikuwa nimejizuia muda mrefu, nikatoka nje kupenga kamasi. Niliporudi zamu ya Gavana ilikuwa imefika. Leokadia alifungua friji, akatoa kichupa, akakishika mkononi ili aone kama ni baridi, kisha akaninyooshea na mimi nikishike. Kilikuwa baridi.

Mjukuu alipokwisha kuchomwa, Gavana hakuondoka. Alitoka uani, akainua uso, akaziangalia zile paneli kumi na mbili kwa muda mrefu. Alikuwa na elfu sita kama hizo, kwa miaka kumi na moja.

"Bi Mwanakheri," akasema mwishowe, bila kumtazama. "Hizi ziliwachukua muda gani kuzifunga?"

Bi Mwanakheri alifikiri. Nilijua anatafuta namna ya kulijibu swali lile bila kumuumiza mzee, na hakuipata.

"Asubuhi moja, Mheshimiwa," akasema. "Tungemaliza mapema, ila ngazi ilikuwa fupi."